Sauti Iliyouza Vyungu

Mwuza vyungu hana budi kuwa na sauti. Samaki hujitangaza kwa harufu na embe kwa rangi yake, lakini chungu kimenyamaza. Na mwanamke aliyejitwika vyungu kichwani, ambaye shingo haimruhusu kugeuka huku na huku kwa kuchelea mali yake kuanguka, ana koo lake tu la kumtoa mnunuzi jikoni. Katika miaka ile ambayo karne ya 19 ilikuwa ikiaga na karne ya 20 ikibisha hodi, alikuwako mwanamwali wa Fumba, kijiji cha pwani kilicho kusini ya mji wa Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vya mfinyanzo wa mama yake, akivinadi kwa sauti ambayo, kwa masimulizi ya watu wa zama zake, ilimtangulia njiani hata watu wakamtambua kabla hawajamwona. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo halikuwa jina la mapambo: alizaliwa katika utumwa, karibu na mwaka 1880, baba yake akiwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Baadaye Afrika Mashariki nzima ilimjua kwa jina la Siti binti Saad.

Kila nisikiapo kijana akiuliza ni wapi hupatikana ujasiri wa kuliendea jambo ambalo moyo wake umelitamani kwa muda mrefu, fikra zangu humrudia mwanamke huyu, na si kwa sababu ya umashuhuri wake peke yake. Maisha yake yanakanusha jibu ambalo sisi wakubwa tumezoea kulitoa kwa haraka. Tunamwambia kijana, jiamini, kana kwamba kujiamini ni kanzu iliyotundikwa ukutani na asiyeivaa ni mvivu wa kunyosha mkono. Kijana hurudi kwao, hutazama ukuta, haioni kanzu. Na juu ya hofu aliyokuwa nayo tangu mwanzo sasa huongeza aibu ya kuwa na hofu. Mimi nasadiki kwamba kujiamini hakuitangulii kazi, bali huifuata kwa nyuma, taratibu, kama ugumu wa chungu ujavyo baada ya moto. Siti, siku alipoanza, hakuwa na sababu hata moja ya kujiamini ambayo watu wa mji wake wangaliikubali.

Itazame hali ilivyokuwa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa mpenzi wa muziki, akampeleka Misri mtu wake aitwaye Mohamed Ibrahim kujifunza kupiga ala. Na huko ndiko masimulizi ya Unguja yanakoipeleka asili ya taarabu ya kasri. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wapigaji na waimbaji wanaume, na wasikilizaji watu wa jaha na nasaba. Hata kilipoundwa chama cha muziki cha Nadi Ikhwani Safaa, mwaka 1905, mambo hayo hayakubadilika. Ng'ambo ya hori lililoutenga mji wa mawe, mtaa ulioitwa kwa jina hilo hilo la Ng'ambo, katika nyumba za udongo na makuti, waliishi watu wengi waliotoka katika utumwa pamoja na watoto wao, nao walikuwa na ngoma zao. Utumwa ulifutwa kwa amri mwaka 1897, Siti akiwa na umri wa miaka kama 17. Lakini amri hufungua pingu za miguu upesi kuliko inavyozifunga ndimi za watu, na aliyekwisha kuwa huru kwa hati aliendelea kutajwa kwa asili yake mitaani na visimani. Mtu wa hali hiyo, tena mwanamke, asiyepata kuketi chuoni wala kujua Kiarabu, na ambaye kwa sura watu hawakumhesabu miongoni mwa warembo, lau angalisema hadharani kwamba anataka kuimba taarabu, kauli yenyewe ingalitosha kuwachekesha wasikilizaji siku nzima.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka kama 30, umri ambao wengi wetu tumekwisha kuifunga hesabu ya maisha yetu na kuandika chini yake jumla. Mtu mmoja wa Nadi Ikhwani Safaa aliisikia sauti yake, akaona johari iliyofunikwa na vumbi, akakubali kumfundisha. Hapa nawaomba wasomaji tusimame kidogo, kwa kuwa wasimuliaji wengi hupapita mahali hapa mbiombio ili wafike kwenye sifa na makofi, ilhali mimi naona kwamba jambo lenyewe liko hapa.

Sauti alikuwa nayo. Pumzi alikuwa nayo pia, na nadhani ile biashara ya vyungu, ya kunadi huku unatembea na mzigo kichwani, ilikuwa chuo cha pumzi ambacho hakuna mwimbaji wa kasri aliyepata kukipitia. Asilokuwa nalo ni matamshi. Kiarabu kina herufi ambazo koo la mtu asiyezizoea huzikataa: ain inayobanwa ndani ya koo, qafu inayogongwa nyuma kabisa ya kinywa, hee nzito inayotoka kama pumzi ya mtu aliyechoka. Ilimpasa kujifunza kusoma Kurani, na kuyanyosha matamshi yake hata wenye lugha yao wasipate la kucheka. Basi mfikirie mwanamke wa miaka 30 ameketi mbele ya mwalimu wake, akiirudia herufi moja mara kumi, mara ishirini, kama wanavyorudia watoto wadogo wa chuoni, akikosea, akisahihishwa, akikosea tena. Ujasiri wa kusimama mbele ya hadhara tunauona na tunausifu. Huu wa kukubali kuonekana mjinga mbele ya mtu mmoja, kwa muda mrefu, kila siku, hatuuoni, wala hakuna anayeupigia makofi. Lakini aliyeukosa huu wa pili hawezi kuufikia ule wa kwanza, na kama ningeambiwa nichague mmoja nimpe mwanangu, nisingesita.

Zamani nilikaa jirani na fundi mmoja wa cherehani, mama wa makamo, ambaye barazani kwake kulikuwa na binti aliyekuja kujifunza kushona. Binti yule alijua kupima, alijua kuchora kwa chaki, na mguu wake ulikwisha kuizoea cherehani. Lakini alipopewa mkasi mkono ulimtetemeka, kwani mshono uliokosewa hufumuliwa, na kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Fundi hakumwambia, usiogope. Alimpa magazeti makuukuu ayakate kwa kufuata chaki, siku nne au tano, hata sakafu ikajaa mikono na makosi ya karatasi. Kisha alimpa kanga iliyochakaa. Kisha marekani, dhira moja. Siku alipomwekea mbele kitambaa cha sare ya shule ya mtoto wa watu, binti alisita, akauliza, "Mama, nikikosea je?" Fundi akajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Ukikosea nitakilipa mimi. Kata, mwanangu." Nakumbuka sauti ya mkasi ule ulipoanza, taratibu kwanza, kisha kwa mfululizo mmoja mrefu hadi mwisho wa kitambaa. Mkono ulikuwa bado unatetemeka. Nguo ilitoka sawasawa.

Fundi yule hakupata kusoma vitabu vya elimu ya nafsi, lakini alilolifanya kwa busara yake linawiana na walilolithibitisha wataalamu. Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alichapisha mwaka 1977 makala iliyopata umaarufu mkubwa juu ya imani aliyonayo mtu kwamba aweza kulitenda jambo fulani. Aliona kwamba imani hiyo huchota katika visima vinne: kulitenda jambo lenyewe na kulifaulu, japo kwa kiasi kidogo, kumwona mtu wa mfano wako akilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na namna mtu anavyoufahamu mwili wake mwenyewe, kwani moyo unaopiga kwa nguvu mmoja huuita woga na mwingine huuita utayari. Kisima kilicho kirefu kupita vyote ni hicho cha kwanza. Ama maneno matupu, yale yale tunayowagawia vijana kwa wingi, nguvu yake ni haba na hukauka upesi yasipofuatwa na tendo. Bandura na wenzake waliwachunguza watu waliowaogopa nyoka kiasi cha kudhikika katika maisha yao ya kila siku. Hawakuwahubiria juu ya ushujaa. Waliwaonyesha mtu akimshika nyoka, wakawasogeza karibu hatua kwa hatua, wakawapa glavu wamguse, kisha wamguse kwa mikono mitupu, na hofu zilizodumu miaka mingi zikalegea kwa muda mfupi wa kustaajabisha. Magazeti makuukuu, kanga, marekani, sare ya shule: ngazi ni ile ile.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, na anajihisi mwoga, asiutazame mwisho wa safari. Ajiulize gazeti lake kuukuu ni lipi, yaani ni kitu gani anachoweza kukiharibu leo pasi na hasara kubwa. Anayetaka kuwa mwandishi aandike barua ndefu kwa rafiki mmoja. Anayetaka kufungua mkahawa apike sinia moja, aiuze kwa jirani, asikilize watu wanasema nini wakiwa wameshiba. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na lele huwa dogo, hupigwa na wachache, aghalabu kabla watu hawajakusanyika.

Pamoja na hayo, hakuna anayepanda ngazi hiyo peke yake, na katika habari za Siti hili linang'aa kuliko yote. Hakuwa mwimbaji mmoja aliyezungukwa na watumishi. Walikuwa jamaa, Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban, nao wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakizungumza habari za mji, na kutokana na mazungumzo hayo wakitunga. Habari ya mume mpotevu, ya karani mla rushwa, ya mtu aliyeonewa mahakamani, iligeuzwa ikawa wimbo kwa Kiswahili kile kile kilichosemwa sokoni. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea. Aliyekwenda kwa walimu kujifunza kuimba Kiarabu kama wakubwa alirudi na ustadi wao akautia katika lugha ya watu wake, na haukupita muda mrefu mlango wa kasri ukafunguka, watu wa jaha wakaketi kusikiliza Kiswahili cha Ng'ambo. Hata jina likageuka. Aliyeitwa Mtumwa akaitwa Siti, neno lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Maneno hayakukosekana. Watu waliomwonea kijicho walimtungia nyimbo za kumshushia hadhi, wakamkumbusha kaniki na shamba alikotoka, wakadai kwamba lau si sauti hakuwa na thamani yoyote. Alijibu kwa wimbo, kwa staha, akiiweka akili mbele ya uzuri wa sura. Nimelitaamali sana jibu hilo. Hakukanusha shamba, hakukanusha umaskini, wala hakujidai uzuri ambao hakuutegemea. Alikataa tu kwamba vitu hivyo ndivyo mizani ya kumpimia mtu. Anayeficha asili yake huishi na hofu ya kugunduliwa, na hofu hiyo hula nusu ya nguvu zake. Yeye alikuwa amekwisha kuitoa asili yake barazani mwenyewe, na hapakubaki silaha mkononi mwa hasimu.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwasafirisha, yeye na jamaa zake, kuvuka bahari hadi Bombay, wakarekodiwe. Naye anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri. Msomaji wa leo, ambaye hurekodi kwa simu na kufuta na kurekodi tena, ni vigumu kuifahamu shughuli ile ilivyokuwa. Sauti ilichorwa katika sahani ya nta. Hapakuwa na kukata wala kuunga: mmoja akikosea, wote huanza upya kwa nta nyingine. Upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika 3, na hao walikuwa watu waliozoea kuimba wimbo mmoja kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, hata alfajiri ikawakuta. Mbele yao hapakuwa na mtu wa kutikisa kichwa wala wa kutunza; palikuwa na chumba cha kigeni, wageni, na chombo kisichosema neno. Sijui moyo wake ulipigaje siku ile, lakini najua alikokuwa amepita kabla ya kufika pale, na naona kwamba aliyekwisha kukinadi chungu mbele ya milango iliyofungwa alikuwa na mazoezi ya kukiimbia kitu kisichojibu. Santuri hizo ziliporudi ziliuzwa pwani na bara, zikachezwa mikahawani, na watu ambao hawakupata kuiona Unguja wakaisikia lugha yao ikitoka ndani ya mashine ambayo hadi wakati huo waliijua kuwa ni ya kusemea lugha za wengine.

Na ujasiri alioupata hakuutumia kwa faida yake tu. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri uko ule wa Kijiti, uliotoka katika kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji, aliyeitwa Kijiti, akatorokea bara, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio walioishia kifungoni. Kuliimba jambo hilo chini ya utawala wa kikoloni, mbele ya watu waliowajua mahakimu kwa majina, hakukuwa mchezo. Sidhani kwamba Siti wa mwaka 1911 angaliliweza.

Ningekuwa mwongo lau ningewaacha wasomaji wakidhani kwamba kila ajasiriye hufika. Unguja ya siku zile haikukosa wanawake wengine wenye koo nzuri ambao hawakukutana na mwalimu, au waliokutana naye wakiwa na watoto wanne wa kulisha na mume asiyetaka kusikia. Sudi ina sehemu yake. Wahenga wetu walilijua hilo, ndiyo maana wakatuachia pia usemi kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nao, nadhani, haukutungwa na watu dhaifu, bali na watu waliojua kwamba pepo haziangalii uso wa mtu. Hofu nyingine ni akili inayosema kwa sauti ya chini. Anayeacha kazi inayomlisha mama yake mgonjwa ili akafuate jambo alilolianza jana sioni haja ya kumsifu. Nitamsifu anayelishika jambo lake usiku, baada ya kazi, hata litakapoweza kusimama lenyewe.

Na wa kutazamwa hapo hayuko mbali. Mtu aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad ni Shaaban Robert, mshairi ambaye leo kila mwanafunzi wa Kiswahili humjua, lakini ambaye tangu mwaka 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha, akihesabu mizigo ya watu bandarini mchana. Mashairi aliyaandika katika saa zilizobaki. Yalitoka moja moja katika gazeti la Mambo Leo, na miswada mingi ilikaa miaka bila ya mchapishaji. Alipoandika habari za mwuza vyungu aliyeimba, naamini hakuwa akiandika juu ya mtu mgeni kwake.

Siti alifariki mwaka 1950. Katika miaka ya utukufu wake alikuwako msichana wa Unguja aliyeitwa Fatuma binti Baraka, aliyekuwa akijisogeza karibu na jamaa wale wa Ng'ambo, akasikiliza, akazishika nyimbo kichwani bila ya kuandika. Akaondoka nazo. Alizipeleka bara kwa miguu na kwa jahazi, akazirudisha, akaziimba katika unyago na harusi, uso wazi, mara nyingi bila viatu, na ngoma ya msondo mbele yake. Watu walimwita Bi Kidude. Mwaka 2005, akiwa mkongwe, alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa amekwisha kuimba Ulaya na Japani. Na katika nyimbo alizoziimba huko, mbele ya watu wasiojua neno la Kiswahili, zilikuwamo zile alizozisikia utotoni zikitoka katika koo la yule bibi wa Fumba.